Mahindi rahisi, sweta ghali: jinsi msimu unavyopanga mavazi na mapambo ya nyumba Ufipa

Mfanyabiashara wa Sumbawanga anayetaka kujua ni kitenge gani kitatoka msimu ujao, au ni pazia la rangi gani litakalouzika, huanza na swali ambalo mgeni angedhani halihusiani na nguo hata kidogo: kilo ya mahindi ni shilingi ngapi? Jibu la swali hilo ndilo humwambia alete mzigo mkubwa au mdogo, alete mali ya bei ya juu au ya bei nafuu, na aulete mwezi gani.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuona bei za mazao na bei za nguo kila moja upande wake. Safari hii tunaziweka pamoja, kwa sababu katika Uwanda wa Juu wa Ufipa ni biashara moja. Nguo na mapambo ya nyumba hununuliwa kwa fedha ya mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Tatizo ni kwamba wakati ambapo karibu kila mtu ana fedha ndio wakati ambapo mahindi yana bei ya chini na nguo zina bei ya juu. Mkulima na mwenye duka wote wawili huumia wasipolielewa jambo hilo.

MISIMU YA WENGINE NA MISIMU YETU

Katika miji inayosifika kwa mitindo kama Paris, Milan na New York, mwaka wa mavazi umegawanywa mara mbili. Maonyesho ya Februari na Machi huonyesha nguo za baridi zitakazovaliwa miezi kadhaa baadaye, na yale ya Septemba na Oktoba huonyesha nguo za joto za mwaka unaofuata. Viwanda na maduka makubwa hutoa oda zao mapema kwa kufuata ratiba hiyo. Hata rangi hupangwa: tangu mwaka 2000 kampuni ya Pantone ya Marekani imekuwa ikitangaza rangi yake ya mwaka, na ile ya 2025 ilikuwa ya kahawia, iliyopewa jina la Mocha Mousse.

Ufipa haina majira manne. Ina mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ina kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Lakini kiangazi chenyewe kina sehemu mbili. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Upepo huwa mkali na vumbi ni jingi. Kuanzia Septemba jua huwa kali hadi mvua zinaporudi. Kwa hiyo mwenye duka wa hapa ana misimu mitatu ya kufikiria: baridi, jua na matope.

Juu ya misimu hiyo ya hewa kuna msimu mwingine, wa fedha, nao ndio wenye nguvu zaidi.

KALENDA YA FEDHA

Maharage huanza kuingia sokoni Mei. Mahindi huachwa yakauke shambani, kisha huvunwa kati ya Mei na Agosti. Ulezi huvunwa katika miezi hiyo hiyo. Malori ya walanguzi huonekana vijijini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hufungua vituo vya kununulia mahindi. Kuanzia Juni hadi Septemba fedha inazunguka hadi vijiji vya mbali, na wachuuzi wa nguo huifuata huko huko kwa kuzungukia minada, kila kijiji kwa siku yake.

Harusi nazo hupangwa humo. Ufipa ni eneo lenye Wakatoliki wengi, na kwa desturi harusi hazifungwi wakati wa Kwaresima wala Majilio. Baada ya Pasaka njia inafunguka, na mavuno yakishaingia kamati za harusi huundwa kila mtaa. Mapadri wapya na watoto wa Komunyo ya Kwanza nao huandaliwa sherehe. Agosti 8 kuna sikukuu ya Nane Nane, na maonyesho ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika Uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, ambako wakulima na wafanyabiashara wa Rukwa huona mali mpya kabla haijafika kwao.

Oktoba na Novemba fedha hubadilisha njia, ikaenda kwenye mbegu na mbolea. Desemba huinuka kidogo kwa Krismasi, hasa nguo za watoto. Januari huliwa na shule. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, kwa hiyo mafundi cherehani hushona kaptura na sketi za shule kuliko nguo nyingine yoyote. Februari na Machi ni miezi mikavu ya mfuko, ingawa nje mvua inanyesha.

Kuna wanunuzi wawili wasiofuata kalenda hii. Wa kwanza ni mtumishi mwenye mshahara: mwalimu, muuguzi, karani. Huyu hununua mwisho wa mwezi, mwaka mzima, na ndiye anayeshika soko Machi, wakati vikundi vya akina mama vinapotafuta vitenge vya Siku ya Wanawake, Machi 8. Wa pili ni mnunuzi wa Idi. Sikukuu hii hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2017 Idi el-Fitri iliangukia mwishoni mwa Juni, wakati wa mavuno. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, mvua zikiwa hazijaisha. Anayeagiza mzigo wa Idi kwa kukumbuka mauzo ya miaka kadhaa iliyopita atakosea hesabu.

BARIDI NA MAKOTI YA MITUMBA

Sweta, koti zito, jaketi, kofia ya sufi na soksi nene ndizo nguo za Juni na Julai, na nyingi ni mitumba. Ni vizuri mnunuzi ajue zinavyofika.

Nguo zilizotolewa na wenyewe Ulaya, Marekani na kwingineko huchambuliwa kwa aina, hufungwa kwa mashine katika mabelo, mengi yakiwa ya kilo 45 hivi, na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Huko pwani belo la sweta halina wateja wengi, kwa kuwa joto halimruhusu mtu kulivaa koti la sufi. Wateja wake halisi ni watu wa milimani: Makete, Njombe, Iringa, Mbeya, Ufipa, na Lushoto na Arusha kwa upande wa kaskazini.

Sehemu hizo zote husikia baridi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Mei na Juni wachuuzi wote wa milimani huulizia belo moja lile lile, na bei hupanda. Januari na Februari hakuna anayeliulizia. Mchuuzi anayenunua wakati huo hununua kwa utulivu, huchagua anayeuza kwa uaminifu na huweza kuomba kupunguziwa. Hilo ni muhimu, maana belo huuzwa likiwa limefungwa, na likifunguliwa na kukutwa limejaa nguo zilizotoboka, hasara ni ya aliyelinunua.

Kikwazo kinajulikana: Februari mchuuzi hana fedha. Tutalirudia jambo hilo mbele.

Mtindo wa baridi nao una kanuni zake. Vijana hupenda jaketi lenye kofia na maandishi ya timu. Akina mama hutafuta sweta la vifungo mbele, linalovaliwa juu ya gauni la kitenge bila kulificha. Wazee hupenda koti la suti, ambalo linafaa kanisani, kwenye mkutano na msibani. Rangi nyeusi, bluu ya giza, kijivu na damu ya mzee hutoka haraka kwa sababu vumbi la Julai halionekani sana juu yake na sabuni haitumiki nyingi. Nyeupe hubaki kwenye kamba hadi mwisho wa msimu.

Wapo walioogopa biashara hii ingekufa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipate soko. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na Marekani ikatishia kuziondolea nchi husika nafuu ya kuuza bidhaa huko chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea na ushuru mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Fundisho kwa mchuuzi ni kwamba mali yake inategemea maamuzi yanayofanywa mbali sana na kamba yake ya kutundikia.

KITENGE NA SARE

Nguo si jambo geni Ufipa. Katika karne ya 19 wenyeji wa Ufipa na Bonde la Rukwa walilima pamba na kufuma kwa mkono vitambaa vizito, na wasafiri wa Ulaya waliopita huko waliviandika. Vitambaa vya viwandani vilivyoletwa na misafara, na baadaye maduka, viliupunguzia ufumaji huo nguvu. Tangu hapo mavazi ya uwandani yamekuwa mali ya kusafirishwa, na bei yake imekuwa na gharama ya njia ndani yake.

Kitenge cha leo hufika Sumbawanga kwa njia tatu. Kuna kinachotoka Dar es Salaam, kiwe cha viwanda vya nchini au cha kutoka Asia. Kuna kinachopitia Tunduma, ng'ambo ya pili yake ikiwa Nakonde, Zambia. Na kuna kinachovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo na kushushwa katika bandari za mwambao kama Kirando na Kasanga. Jina la "kitenge cha Kongo" humfanya mnunuzi aongeze bei, hata kama kitambaa chenyewe kilichapwa China. Aina hii ya uchapaji ilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Java, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa 1846, bado ndiyo yenye jina kubwa. Mnunuzi asitazame jina kwenye pindo peke yake. Ageuze kitambaa: wax halisi ina rangi karibu sawa pande zote mbili.

Ushuru pia una sehemu yake. Katika utaratibu wa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulioanza 2005, khanga, vikoi na vitenge viliwekwa katika orodha ya bidhaa nyeti na kutozwa asilimia 50 vinapotoka nje ya Jumuiya. Tofauti ya ushuru kati ya nchi jirani huwavuta watu kwenye njia za panya. Mzigo wa panya ukikamatwa, mtaji wote umekwenda, na hakuna msimu wa mavuno utakaourudisha.

Lakini kinachoamua ni kitenge gani kitavaliwa mwaka huu si mwenye duka, wala si mpaka. Ni sare. Kamati ya harusi huchagua rangi au chapa moja, na kila mwalikwa wa upande huo hutakiwa kuinunua. Kwaya ina sare, wanakikundi cha WAWATA wana sare, ukoo una sare ya arobaini, na kila miaka mitano vyama vya siasa huleta khanga na fulana zao. Chapa iliyochaguliwa na kamati moja yenye watu mashuhuri inaweza kumaliza pisi mia katika wiki mbili, kisha ikaonekana mitaani kwa miezi sita. Chapa nzuri zaidi iliyokosa kamati hubaki rafuni.

Mishono nayo hufuata sare. Zamani mafundi walibandika ukutani kalenda zenye picha za mishono ya Afrika Magharibi, na mteja alionyesha kwa kidole. Kalenda moja ilitumika mwaka mzima au zaidi. Sasa mteja huja na simu na picha ya harusi ya juzi. Fundi hana budi kuwaeleza wateja mambo mawili: mshono wenye marinda mengi hula kitambaa, na gauni la mikono wazi la Dar es Salaam litahitaji sweta juu yake Sumbawanga. Mafundi wengi huongeza mkono mrefu au bitana, na kwa njia hiyo mtindo wa uwandani huwa na sura yake yenyewe.

NDANI YA NYUMBA

Mapambo ya nyumba hufuata ujenzi, na ujenzi hufuata jua. Mvua zikikoma matofali hufyatuliwa, hukaushwa, kisha huchomwa katika tanuri kati ya Julai na Septemba. Bati hukimbizwa kupigwa kabla ya Novemba. Mwenye nyumba akishapata paa ndipo huanza kufikiria rangi, dari, pazia na makochi, akilenga wageni wa Krismasi. Kwa hiyo soko la vifaa vya ujenzi huwaka kwanza, na soko la mapambo huwaka miezi miwili au mitatu baadaye. Mwuza mapazia anayetaka kukadiria Desemba yake aangalie ni mabati mangapi yaliyopigwa mtaani kwake Septemba.

Makochi ya seremala wa hapa hutengenezwa kwa mninga na kwa mbao za misonobari. Mninga ni mzito, ni ghali, na hudumu. Mbao laini ni rahisi na hufichwa ndani ya sponji na kitambaa. Kadiri kochi la kuvishwa kitambaa mwili mzima linavyopendwa, ndivyo mteja anavyokosa njia ya kuona mbao iliyo ndani. Ushauri wa bure: ombeni kuliona kochi kabla halijavishwa.

Juu ya makochi kuna vitambaa vya kufuma kwa mkono. Wapo wanaosema vimepitwa na wakati, na mjini nyumba nyingi mpya hazina. Hata hivyo vijijini, na katika nyumba za watu wazima, sebule isiyo na vitambaa huhesabika kuwa haijavaa. Kwa akina mama wengi hii ni kazi ya miezi ya mvua, kiangazi huuzwa, na mtaji wake ni nyuzi na sindano tu. Rangi zake hufuata mapazia: maziwa na kahawia, nyeupe na bluu, au damu ya mzee na dhahabu.

Rangi ya pazia huamuliwa na vumbi jekundu. Rangi ya kahawia ambayo Pantone iliitangaza kwa 2025 imependwa na akina mama wa uwandani kwa sababu rahisi, kwamba pazia la kahawia hukaa wiki tatu bila kufuliwa ilhali jeupe halikai wiki moja. Pazia jepesi la ndani, la rangi ya maziwa, hutundikwa na wenye madirisha ya vioo. Pazia zito hutafutwa Mei na Juni kwa sababu ya upepo, pamoja na mablanketi mazito ya manyoya ambayo yamechukua nafasi ya yale mepesi ya zamani. Kapeti la plastiki huuzika wakati wa mvua, maana hufutwa matope kwa kitambaa, na zulia la manyoya huuzika kiangazi.

LAMI NA SIMU

Hadi miaka ya 2000 barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi na matope. Malori yaliweza kukwama siku kadhaa wakati wa mvua, na mwenye duka alilazimika kujaza stoo kabla ya Novemba. Mtindo wa Dar es Salaam ulifika hapa ukiwa umechelewa msimu mzima. Barabara hiyo, yenye urefu wa takriban kilometa 224, ilijengwa kwa lami chini ya msaada wa Marekani wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini Februari 2008.

Lami ilileta unafuu wa nauli na wa muda. Pia iliondoa kinga. Zamani mwenye duka aliyekosea kuchagua kitenge aliweza kukiuza polepole, kwa kuwa hakuna aliyejua kipya ni kipi. Sasa mteja anakijua kabla yake. Mzigo uliobaki huchakaa kwa jina hata kama rangi haijachujuka, na mteja mwenye fedha hupanda basi akanunua Tunduma au Mbeya mwenyewe.

HESABU YA MKULIMA

Turudi kwenye mahindi. Takwimu zinazofuata ni mfano wa kufundishia, si bei za wiki hii.

Tuchukulie kilo ya mahindi ni sh. 500 Julai na sh. 750 Februari. Familia ya watu sita inahitaji sweta sita. Julai kila sweta ni sh. 8,000, jumla sh. 48,000, sawa na kilo 96 za mahindi. Februari sweta hizo zingepatikana kwa sh. 6,000, jumla sh. 36,000, sawa na kilo 48. Nguo ni ile ile, baridi ni ile ile, lakini gharama kwa mahindi imepungua kwa nusu.

Sasa tuchukulie anahifadhi magunia 10 ya kilo 100. Akiuza yote Julai anapata sh. 500,000. Akihifadhi, ananunua mifuko isiyopitisha hewa ili kuzuia dumuzi, tuseme kwa sh. 50,000, na anapoteza kilo 50. Februari anauza kilo 950 kwa sh. 712,500. Akitoa gharama ya mifuko anabaki na sh. 662,500, yaani sh. 162,500 zaidi. Hiyo ni fedha ya mapazia.

Lakini msomaji asichukulie kuwa bei hupanda kila mwaka. Katika mfano huu, kilo isipofika takriban sh. 579, aliyehifadhi amepata hasara. Na jambo hilo limetokea. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, mavuno yakawa mengi, na bei Nyanda za Juu Kusini ikaanguka na kukaa chini hadi mwaka uliofuata. Waliokuwa wametunza magunia wakingojea Februari hawakupata walichotarajia. Kinyume chake, ukame ulioipiga Zambia msimu wa 2023/24 uliifanya nchi hiyo itafute mahindi Tanzania, na mkulima wa jirani yake akawa na mnunuzi.

Kwa hiyo busara ni kugawanya. Sehemu iuzwe wakati wa mavuno kwa mahitaji yasiyongoja: deni, hospitali, mbolea. Sehemu ihifadhiwe. Na ile inayouzwa Julai isiende kwenye kitu kinachoweza kungoja. Harusi ya mtoto haingoji. Kochi linaweza kungoja.

HESABU YA MWENYE DUKA

Hapa pia tutumie mfano. Mama mwenye mtaji wa sh. 1,000,000 ananunua pisi 50 za kitenge kwa sh. 20,000 kila moja. Kufikia Septemba ameuza 40 kwa sh. 24,000. Mkononi ana sh. 960,000. Wengi wangesema msimu umekuwa mzuri, lakini ukweli ni kwamba bado hajarudisha mtaji. Faida yake yote, na zaidi, iko katika pisi 10 zilizo rafuni.

Akizing'ang'ania kwa bei ile ile hadi Pasaka, huenda chapa itakuwa imezeeka. Akiziuza Septemba hiyo hiyo kwa sh. 15,000, anapata sh. 150,000, jumla inakuwa sh. 1,110,000, na faida yake ni sh. 110,000 taslimu. Ameuza pisi hizo 10 chini ya bei ya kununulia, lakini amefunga msimu kwa faida na ana fedha ya kuingia nayo kwenye sare za shule na, akijibana, kwenye belo la sweta la Februari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la namna hii ni kurasa mbili tu kwa msimu: kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichobaki.

Kwa sare, njia salama ni kuchukua kianzio kabla ya kuagiza. Mpeni mwenyekiti wa kamati sampuli, chukueni majina na angalau nusu ya fedha, kisha agizeni pisi zilizolipiwa na chache za ziada. Mwenye duka anayeagiza kwa kutegemea ahadi ya kamati anaweza kujikuta na pisi 60 za rangi ambayo hakuna mtu mwingine anayeitaka.

MAMBO YA KUANGALIA

Kila mwaka, kabla ya kufunga safari ya Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere aangalie mambo manne. Kwanza, mvua za Februari na Machi zilivyokuwa, maana ndizo huamua wingi wa mavuno. Pili, kama mipaka ya kuuza mahindi iko wazi na kama jirani ana njaa. Tatu, bei ambayo NFRA itatangaza na lini itaanza kulipa, kwa sababu mahindi yaliyopimwa bila kulipwa hayanunui kitenge. Nne, Pasaka na Idi zimeangukia lini.

Mavuno yakiwa mengi na mipaka ikiwa imefungwa, fedha itakuwa kidogo ingawa maghala yamejaa. Hapo leteni mali ya bei nafuu: mitumba, vitambaa vya makochi, mapazia mepesi. Mavuno yakiwa ya wastani na wanunuzi wa nje wakiwapo, leteni wax nzuri, mablanketi mazito na sponji za makochi. Mvua zikiharibika na mahindi yakakosekana, punguzeni mzigo, kwa sababu bei ya juu ya mahindi haimsaidii mkulima asiyekuwa nayo.

Kwa mkulima anayesoma ukurasa huu, swali la kujiuliza mbele ya kila duka ni moja: kitu hiki ni kilo ngapi za mahindi leo, na zitakuwa ngapi nikisubiri? Likiulizwa Julai, mengi yatarudishwa rafuni. Likiulizwa Februari na mtu mwenye magunia mawili matatu ghalani, sweta la mwaka ujao litakuwa limeshapatikana.